Ng'ombe wa Kampuni ya Mafuta

Kuna wakati niliamini kwamba malori ya mafuta yangefika Koboko yakiwa yamepakia ng'ombe. Sisemi nilidhani, wala sisemi nilisikia tu nikapita. Niliamini kama mtu anavyoamini kwamba kesho kutakucha. Nilikuwa na cheti cha biashara cha shule ya usiku, kimetiwa kwenye fremu na kutundikwa juu ya kitanda changu huko Oli, mtaa wa mji wa Arua, na nadhani hata cheti chenyewe kiliamini, maana hakikuanguka kwa aibu.

Uvumi ulikuwa hivi. Kampuni yetu ya mafuta na gesi (nasema yetu kwa sababu baba yangu alikuwa na hisa ndani yake) ilikuwa imenunua kampuni nyingine huko mashariki ya nchi, yenye vituo vyake vya petroli na maghala yake ya gesi. Na kwa kuwa wenye hisa wengi wa huku ni wakulima na askari wastaafu, watu wasiopenda makaratasi, wakubwa walikuwa wamekubaliana kwamba matunda ya biashara hiyo yalipwe kwa desturi ya kwetu. Kila mwenye hisa angepewa ng'ombe. Ng'ombe wenyewe walishanunuliwa, walikuwa njiani. Wengine walisema wameonekana Pakwach wakinywa maji karibu na daraja la Nile. Mtu mmoja sokoni Koboko aliapa kwa kaburi la bibi yake kwamba wamechomwa alama ya kampuni pajani.

Cheka tu, hata mimi nikisimulia hucheka. Lakini sisi wakati ule hatukucheka, na tulikuwa na sababu.

Sababu ya kwanza ni mtungi wa gesi. Katika mkutano mmoja wa wenye hisa, kampuni iligawa mitungi midogo ya gesi ya kupikia, mmoja kwa kila mtu, bure. Baba aliurudisha wake Koboko ameupakata kama mtoto mchanga. Haukuwashwa hata siku moja. Ulikaa sebuleni, umefunikwa kitambaa cha kufuma, na wageni walionyeshwa kabla ya kuonyeshwa kiti. Sasa kampuni inayoweza kumpa mtu mtungi bila kuombwa, itashindwaje kumpa ng'ombe?

Sababu ya pili ilikuwa nzito zaidi. Tulikuwa tunawahitaji wale ng'ombe.

Baba yangu aliacha jeshi angali na meno yake yote, akaingia kwenye lori. Aliendesha tangi la mafuta la kampuni ile tangu ilipokuwa na vituo viwili tu, kimoja Arua na kimoja Koboko, na barabara ya katikati ikiwa vumbi tupu. Ukimsikiliza yeye, angeweza kulipitisha tangi kwenye tundu la sindano bila kumwaga tone, na sindano yenyewe ingemshukuru. Alipostaafu, kampuni haikuwa na fedha za kutosha kulipa viinua mgongo, basi wazee wakapewa nusu fedha, nusu hisa. Wenzake walizilaani zile hisa. Yeye alizipokea kwa mikono miwili.

"Hisa iko kama shamba," aliniambia. "Wewe nakaa, yeye nazaa."

Na zilizaa kweli. Kila mwaka, mvua za kwanza zikikaribia, simu yake ililia na ujumbe wa gawio. Halikuwa gawio la kujengea ghorofa. Lilitosha dume mmoja mzuri, mwenye nundu inayotikisika akitembea. Na dume huyo hakulala kwetu hata wiki. Alikwenda Dadamu.

Hapa lazima nieleze habari ya mama, na nitaieleza haraka kwa sababu inanishinda. Mama alitoka Dadamu, kwa watu wa mihogo na tumbaku. Baba alimchukua akiwa askari kijana, akaahidi ng'ombe, akatoa wachache, kisha akahamishwa kambi, vita vikaja, watu wakakimbilia Kongo na Sudan, na ng'ombe waliobaki wakageuka maneno. Wazazi wangu walirudi, wakatuzaa, wakazoeana na lile deni kama mtu anavyozoea mlango unaolia. Mama alipokufa baba alikuwa safarini na tangi. Wajomba zangu walifika Koboko na pikapu. Hawakumtukana mtu. Walisema tu kwamba mwanamke ambaye mahari yake haijaisha bado ni binti wa kwao, na binti huzikwa kwao. Walimfunika vizuri kwa shuka mbili, wakafunga mlango wa nyuma wa pikapu, wakaondoka taratibu kwa sababu ya mashimo. Baba aliporudi alikuta kitanda kitupu, na mama yuko chini ya udongo wa Dadamu.

Tangu hapo hakutaka kitu kingine duniani. Alitaka kumaliza wale ng'ombe, ili aruhusiwe kulitia saruji kaburi la mama na kuandika juu yake kwamba aliyelala hapo ni mke wake. Mpaka wamalizike, desturi haikumruhusu kuweka hata tofali. Hivyo kila mwaka gawio likija, tulinunua dume, tukamswaga mpaka Dadamu, baba mbele na mimi nyuma, na mjomba mkubwa akampokea kwa heshima na kumfunga mtini. Waliobaki walikuwa wachache sasa. Ungeweza kuwahesabu kwa mkono mmoja na bado ukabaki na kidole cha kukunia kichwa.

Ndipo kampuni ikaenda kununua kampuni.

Redio ilitangaza kwa mbwembwe. Picha za wakubwa wakishikana mikono zilipita kwenye simu za watu wote, hata za wasiokuwa na hisa ya kuku. Na msimu wa gawio ulipofika, simu ya baba ililia kama kawaida. Aliisoma, akaipangusa kioo kwa shati, akaisoma tena. Fedha ile ingenunua jogoo, tena awe na kikohozi.

Nilikuwa nimepanda kutoka Arua kumwona. Tukatoka pamoja mpaka kwa rafiki yake, fundi wa baiskeli pale Koboko, askari mwenzake wa zamani, ambaye naye alikuwa na hisa chache. Fundi alikuwa ameinamia gurudumu, mdomo umejaa spoki. Alizitema moja moja ndipo akasema.

"Afande! Sura gani hii? Wewe iko nalia kitu gani na kampuni yetu nakwisha oa?"

"Naoa nani?" baba aliuliza.

"Ile kampuni ya mashariki. Redio nasema. Sasa ndoa bila ng'ombe, wewe naona wapi? Ng'ombe lazima natembea. Na wazee wa kula ng'ombe iko nani? Si sisi wenye hisa?"

"Lakini gawio nakuja kidogo sana. Hii iko pesa ya jogoo."

"Ndiyo hivyo! Pesa iko kidogo sababu iko nakusanya ng'ombe. Mutu moja hawezi kula mara mbili."

Baba alinigeukia. "Wewe nasoma usiku mpaka macho naharibika. Hii maneno iko kweli?"

Shule ya usiku ilikuwa imenifundisha faida, hasara na riba. Kuhusu kampuni kununua kampuni, mwalimu alisema tutaifikia muhula ujao, na muhula ujao jenereta ikafa. Lakini mtu mwenye cheti hasimami mbele ya wazee akasema sijui. Nilichukua chaki ya fundi, nikachora kwenye mlango wake wa bati ng'ombe mmoja mdogo, alama ya kujumlisha, ng'ombe mwingine, halafu jibu lake: ng'ombe mkubwa kama tembo, nikamkoleza na pembe.

"Kampuni imekuwa kubwa," nikasema. "Ng'ombe mkubwa, maziwa mengi."

"Ona mutu ya shule!" fundi akapiga makofi. "Afande, wewe nazaa profesa!"

Baba alikitazama kile kichoro muda mrefu. Kisha akatabasamu, mara ya kwanza tangu simu ilie. Ukitaka kujua uvumi unavyoshika mtu, hushika hivyo. Haukumdanganya kwamba hajapungukiwa. Ulimweleza kwa nini amepungukiwa, na maelezo yenyewe yalikuwa na nundu na kwato.

Akaanza kujenga zizi. Alikata mikaratusi, akachimba mashimo, akafunga fito, mzee mzima na magoti yanayolia kama breki za lori lake. Majirani walikuja kulitazama, maana lilikuwa zizi la kutosha ng'ombe wa Koboko yote na wageni wao kutoka ng'ambo ya mpaka. Mwanamke mmoja wa Sudan Kusini, muuza samaki wakavu ambaye banda lake lilikuwa karibu na kwetu, alimuuliza ng'ombe wako wapi. Baba akamjibu wako njiani. Mama yule akatikisa kichwa, akasema kwao pia walikuwa na ng'ombe wengi waliokuwa njiani.

Mwaka uliofuata gawio lilikuja dogo zaidi. Sabuni na chumvi. Na baba akafurahi! Kadiri fedha zilivyopungua ndivyo alivyozidi kuamini kwamba kundi linakua. Alinipigia simu Oli, kwenye kibanda changu cha kuchaji simu, akipaza sauti mpaka wateja wakasikia.

"Sasa nakuja kidogo kabisa! Hii mara ng'ombe iko mingi!"

Wateja wangu walitazamana. Mimi nikawaambia, kwa fahari, kwamba mzee wangu ana hisa.

Katikati ya hayo alikuja mtu mmoja wa Onduparaka, nje kidogo ya Arua, mnunuzi wa hisa, amevaa jezi na kofia ya timu ya mtaa wao kana kwamba ataingia uwanjani wakati wowote. Alizunguka kwa pikipiki akinunua hisa za wastaafu. Nilimpeleka Koboko mwenyewe. Bei aliyotaja ilitosha madume wote waliobaki, na saruji, na labda soda za msiba uliochelewa.

"Mzee, uza sasa," alisema. "Bei bado ina pumzi. Baadaye itazimia."

Baba alicheka mpaka akakohoa. "Wewe nataka kula ng'ombe yangu."

"Ng'ombe gani, mzee?"

"Wewe nasikia?" Baba alinikonyeza. "Yeye najifanya hajui."

Mtu yule alilitazama zizi tupu, akanitazama mimi, nami nikatazama kiatu changu. Alipokuwa anawasha pikipiki aliniambia kwa sauti ya chini, "Kaka, hata sisi Onduparaka timu ikifungwa, kuna saa tunakubali kwamba imefungwa." Nilimwona mtu wa wivu. Miezi michache baadaye bei ikazimia kama alivyosema, na jezi yake sikuiona tena.

Miguu ya baba ilianza kuvimba. Alivaa viatu vya wazi, kisha navyo vikamshinda, akafunga vitambaa. Akasema twende Dadamu kabla ya mvua, amweleze shemeji yake kwamba ng'ombe wamechelewa kidogo. Nikamchukua kwa gari mpaka Arua, tukalala kwangu, asubuhi tukaenda.

Mjomba alitukaribisha chini ya upenu wa nyumba, akatuletea maji ya kunawa na mihogo ya kuchemsha. Alikuwa amekonda. Hakuwa mtu mkali, na naomba ieleweke hivyo. Alikuwa mlinzi wa desturi aliyechoka zamu.

"Shemeji," alimwambia baba, "mwaka jana wewe naleta ng'ombe hapana. Mwaka huu wewe naleta maneno."

"Ng'ombe iko njiani."

"Njia gani refu hivi?"

Baba akamweleza habari ya ndoa ya kampuni, na wazee wenye hisa, na Pakwach. Alieleza vizuri sana. Mjomba alisikiliza mpaka mwisho, akamega muhogo akauacha.

"Mimi naona haya kukuambia," alisema. "Lakini mimi nazeeka. Mimi nakufa, watoto yangu hawajui mimi na wewe nasema nini. Wao nagawa hii shamba. Wao nalima mpaka pale."

Akaonyesha kwa kidevu. Pale palikuwa kaburi la mama. Udongo ulikuwa umebonyea, mvua baada ya mvua, hata kilima chake kikawa shimo la kina kifupi. Msalaba wa mti ulikuwa umeliwa na mchwa mkono mmoja. Safu ya mihogo ya mwaka ule ilikuwa imeshasogea, majani yake yakigusa upande wa miguu. Baba alikwenda, akaketi chini kwa taabu, akang'oa magugu kwa mkono. Hakuna aliyemzuia. Aling'oa mpaka akafika pale alipoweza kufika bila kusimama, na hakuweza kusimama, basi nusu ya kaburi ikabaki na magugu.

Njiani kurudi aliniambia, "Kwa mukutano mimi nauliza siku. Siku tu. Wao nataja siku, mimi nakuja naambia shemeji."

Mkutano wa wenye hisa ulifanyika Arua, kwenye ukumbi wa hoteli wenye feni zilizozunguka bila kuleta upepo. Safari hii hapakuwa na mitungi. Tulipewa soda moja na kofia moja. Baba aliivua kofia akaiweka gotini, akabaki na koti lake la jeshi lililopigwa pasi mpaka likang'aa viwiko. Wakubwa walisimama mmoja baada ya mwingine wakaonyesha picha ukutani: vituo vipya, maghala mapya, mishale inayopanda juu. Mauzo yamekua. Mafuta yanayouzwa yamekua. Kampuni sasa ilikuwa kubwa kuliko ilivyowahi kuwa, na kila waliposema kubwa, baba alinigusa kwa kiwiko, akikumbuka ng'ombe wangu wa chaki.

Ulipofika wakati wa maswali aliinua mkono. Nilimshika ubavuni ili asimame.

"Mimi iko dereva ya tangi ya zamani," alisema. "Mimi iko na swali moja. Ng'ombe nafika siku gani?"

Ukumbi ulilipuka kwa kicheko. Mkubwa aliyekuwa na kipaza sauti alicheka hadi akafuta macho, akasema mzee wetu ana utani mzuri, mpigieni makofi. Wakampigia. Lakini safu za nyuma, walikokaa wazee wa Koboko na wa Maracha, hawakucheka. Walikuwa wameinua shingo wakingoja siku itajwe. Swali lililofuata liliulizwa, baba akaketi. Alidhani hawajamsikia vizuri kwa sababu ya feni.

Watu walipokuwa wakipanga foleni ya chakula, alitujia mwanamke mmoja wa ofisi ya hisa, yule aliyetuandikisha mlangoni. Kiswahili chake kilikuwa cha Nairobi alikosomea. Alivuta kiti, akaketi magoti yake yakikaribia ya baba, akamtazama miguu iliyofungwa vitambaa.

"Mzee, sikucheka," alisema. "Nieleze ni ng'ombe gani."

Baba akamweleza. Alimweleza yote, ndoa, redio, jogoo, sabuni na chumvi, na kwamba pesa zinapungua kwa sababu zinakusanya kundi. Alimweleza na habari ya Dadamu, jambo ambalo alikuwa hajawahi kumweleza mgeni. Mwanamke yule hakumkatiza. Mimi nilikuwa nimeshika soda mbili zinazopata moto mkononi, na kwa mara ya kwanza, nikiyasikia maneno yale yakisemwa mbele ya mtu anayejua, niliyasikia jinsi yalivyokuwa.

"Mzee," alisema, "kampuni yenu ndiyo iliyonunua. Anayenunua ndiye anayetoa. Hatukuwa na fedha za kutosha, kwa hiyo tulikopa benki, na sehemu nyingine tukawalipa wenye ile kampuni kwa kuwapa hisa mpya. Faida imeongezeka, lakini kidogo. Benki inachukua riba yake kwanza. Kinachobaki kinagawanywa kwa hisa nyingi kuliko zamani. Zako ni zilezile, ila kila moja inapata kipande kidogo. Hivyo tu."

Baba aliigeuza kofia gotini. Mtu aliyetumia maisha yake yote kulipa mahari hakuhitaji kuelezwa mara ya pili.

"Kumbe sisi iko upande ya bwana harusi," alisema.

"Ndiyo, mzee."

"Na gawio ya zamani, ile ya dume, narudi lini?"

"Huenda ikarudi baada ya miaka mingi. Huenda isirudi. Sitaki kukudanganya."

"Miaka mingi," baba alisema. Akaitazama miguu yake, kisha akanitazama mimi, kama vile labda shule ya usiku ilikuwa na neno jingine. Akamgeukia tena yule mwanamke, na sauti yake ikawa ndogo, ya mtu anayeuliza ili tu awe ameuliza.

"Hata moja? Hata ndama?"

Mwanamke alimwekea mkono juu ya mkono.

"Hakuna ng'ombe, mzee. Hawakuwahi kuwepo."